Kulinda Njia, Kulinda Mtaa: Uhalifu na Ulinzi wa Raia katika Tabora tangu Enzi za Misafara hadi Sungusungu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ulinzi wa raia katika mji wa Tabora na maeneo yanayouzunguka, kuanzia enzi za misafara ya karne ya 19 hadi sungusungu walipoingizwa katika mitaa ya miji. Hoja kuu ni kwamba tawala zilizofuatana Tabora ziliweka walinzi wao mahali ambapo mali ilipita au ilikusanywa: njiani, bomani, stesheni na sokoni. Makazi ya mtu wa kawaida yaliachwa yajilinde yenyewe. Sungusungu wa mwaka 1982 walikuwa jaribio kubwa la kuugeuza utaratibu huo, kwani walinzi walitoka kwa wanaolindwa na waliwajibika kwao. Makala yanaonesha jinsi jaribio hilo lilivyobadilika lilipochukuliwa na dola na kupelekwa mjini, na hatari iliyozuka pale mlinzi alipojifanya hakimu.

1.0 Utangulizi

Katika miji mingi ya Tanzania, Tabora ikiwamo, malalamiko ya wakazi kuhusu uhalifu yanafanana. Nyumba huvunjwa usiku, vibaka huvizia wapita njia penye giza, na mtu akikimbilia kituoni huambiwa kwamba hakuna gari, au gari lipo lakini halina mafuta. Mshukiwa akikamatwa na wananchi na kukabidhiwa, huonekana tena mtaani baada ya siku chache, na waliomkamata huanza kuogopa kisasi. Malalamiko haya husikika katika vikao vya mitaa na kata, na mara nyingi huishia kwenye maombi mawili: kituo kidogo cha polisi kijengwe, na askari waongezwe.

Maelezo ya kawaida kuhusu hali hii ni matatu: mji umekua kuliko huduma zake, vijana hawana ajira, na polisi ni wachache. Ukuaji huo ni wa kweli. Katika sensa ya mwaka 1978 mji wa Tabora ulikuwa na watu takribani 67,000; katika sensa ya mwaka 2012 Manispaa ya Tabora ilihesabiwa kuwa na watu karibu 227,000. Hata hivyo, maelezo hayo yanachukulia kwamba kulikuwa na wakati ambapo ulinzi ulitosha, kisha ukazidiwa na wingi wa watu. Historia ya Tabora haithibitishi hivyo. Inaonesha kwamba ulinzi haukupangwa kwa ajili ya mtaa tangu awali.

Makala haya yanauliza swali moja: katika kila kipindi, mlinzi aliwekwa kwa ajili ya nani, na aliwajibika kwa nani? Ili kulijibu, yanapitia vipindi vinne: enzi za misafara, utawala wa kikoloni, miaka ishirini ya kwanza ya uhuru, na kipindi cha sungusungu na ulinzi shirikishi. Mipaka ya uchunguzi ni Unyamwezi, yaani Tabora yenyewe pamoja na Nzega, Igunga, Urambo na Kahama. Kahama, ingawa baadaye iliwekwa katika Mkoa wa Shinyanga, ilikuwa sehemu ya Jimbo la Magharibi lililotawaliwa kutoka Tabora wakati wa Waingereza.

2.0 Ulinzi wa Njia: Misafara, Hongo na Rugaruga

Tabora ilikua kwa sababu ya njia. Kufikia katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wamekwisha kujenga makazi katika Unyanyembe, mahali ambapo njia kuu kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja kwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kuelekea Ufipa na Katanga. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kufika Kazeh, jina walilolitumia kuitaja Tabora, mwezi wa Novemba, baada ya siku 134. Safari ya namna hiyo ilikuwa na hatari nyingi. Pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, liliogopwa kwa uhaba wa maji na kwa wanyang'anyi.

Ulinzi wa safari hizo ulikuwa wa aina mbili. Aina ya kwanza ni walinzi wa msafara wenyewe. Mfanyabiashara aliajiri askari wenye bunduki, na mbele ya wapagazi alitangulia kirangozi aliyezijua njia na desturi za watu. Aina ya pili ni hongo, yaani malipo ambayo msafara ulimpa mtemi wa kila nchi iliyopitwa. Malipo hayo yalikuwa vitambaa kama merikani na kaniki, shanga, au nyaya za shaba. Wasafiri wa Ulaya waliandika juu ya hongo kwa hasira, kana kwamba ni unyang'anyi. Kwa watemi ilikuwa haki ya mwenye nchi, na kwa msafara ilikuwa gharama ya kupita salama, kupata maji na kununua chakula. Aliyelipa alipita, aliyekataa alijua kwamba amejitangazia vita.

Mgogoro wa Unyanyembe unaonesha jinsi ulinzi na uhalifu vilivyokuwa karibu. Baada ya kifo cha Mtemi Fundikira, Mnywa Sele alishika utemi na kutaka wafanyabiashara wa pwani walipe ushuru. Wafanyabiashara hao walimwondoa mnamo mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sele hakukubali. Aliishi porini na wafuasi wake, akazishambulia njia na misafara hadi alipouawa mwaka 1865. Kwa wafanyabiashara alikuwa jambazi. Kwa wafuasi wake alikuwa mtemi halali aliyenyang'anywa nchi. Jina la mhalifu lilitolewa na yule aliyekuwa na uwezo wa kuilinda njia.

Mirambo alilipeleka jambo hilo mbali zaidi. Kutoka Urambo, magharibi ya Tabora, alijenga dola yake kwa kutumia rugaruga, vijana wapiganaji waliotoka katika nchi mbalimbali na ambao wengi wao walikuwa wamekatika na koo zao kwa sababu ya vita na biashara ya watumwa. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe, pamoja na Henry Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone, walimwendea kwa vita na wakashindwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mirambo aliivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Mji uliokuwa na bunduki nyingi haukuwa na jeshi la pamoja la kuulinda. Kila tajiri alijifungia katika tembe lake pamoja na watumishi wake, huku wakazi wasio na tembe imara wakikimbia.

Hapa ndipo unapoonekana msingi wa hoja ya makala haya. Kulikuwa na walinzi wa misafara, walinzi wa pembe za ndovu na walinzi wa matembe. Hapakuwa na mlinzi wa mpagazi aliyerudi na ujira wake, wala wa mwanamke aliyekwenda kisimani, wala wa mtoto aliyeweza kutekwa na kuuzwa. Watu hao walitegemea uzio wa kijiji chao na kelele za majirani. Aidha, mikono iliyolinda ndiyo iliyopora. Rugaruga aliyekodiwa leo kusindikiza msafara aliweza kesho kuuvizia mwingine, kwa kuwa uaminifu wake ulikuwa kwa mlipaji, na mlipaji alibadilika.

3.0 Boma, Reli na Askari: 1890–1961

Wajerumani waliitaka Tabora kwa sababu zile zile zilizowaleta Waarabu: aliyeishika Tabora aliishika njia. Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani hapo mwaka 1890, baada ya kupatana na Waarabu. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuukubali utawala huo. Mashambulizi kadhaa dhidi ya ngome yake yalishindikana hadi Januari 1893, wakati kikosi cha Tom von Prince kilipoingia na Isike akalipua ghala lake la baruti akiwa ndani. Baada ya hapo boma la Wajerumani likawa ndilo kitovu cha mamlaka ya mji.

Askari wa boma hawakuwekwa ili kuzuia wizi katika vijiji na mitaa. Kazi yao ilikuwa kuzima upinzani, kulinda biashara na, hasa baada ya kodi ya nyumba kuanza mwaka 1898, kuhakikisha kwamba kodi inakusanywa na vibarua wanapatikana. Kwa mkulima wa Unyamwezi, askari alikuwa mtu aliyekuja kuchukua kitu. Wengi walijifunza kumkimbia kabla ya kujifunza kumwita.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Upagazi, kazi iliyowapa Wanyamwezi sifa katika Afrika Mashariki nzima, ulianza kufa katika njia hiyo. Stesheni ikawa kituo kipya cha mali na cha ulinzi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na baadaye mji ukaingia mikononi mwa Waingereza. Jeshi la Polisi la Tanganyika liliundwa rasmi tarehe 25 Agosti 1919.

Waingereza waligawa ulinzi katika sehemu mbili. Polisi wa serikali walijikita mijini, katika stesheni na katika maeneo ya shughuli za uchumi. Vijijini, chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, usalama ulikuwa jukumu la watemi, matarishi wao na mabaraza yao. Mgawanyo huo ulipunguza gharama za serikali, lakini uliweka kipimo kilichodumu: polisi ni wa mji, na kijiji kina mtemi.

Hata ndani ya mji, ulinzi wa kikoloni uliwahusu Waafrika zaidi kama washukiwa kuliko kama watu wanaostahili kulindwa. Sheria ya Watu Mafukara ya mwaka 1923 na ile ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa ziliwapa watawala uwezo wa kumrudisha shamba mtu asiye na kazi inayotambulika. Neno "mhuni", ambalo kwa asili humtaja mtu asiye na mke au makazi ya kudumu, likapata maana ya mhalifu. Mkazi wa mtaa wa Waafrika aliyeibiwa usiku alikuwa na sababu ya kusita kwenda kwa polisi, kwani swali la kwanza lingeweza kuwa juu yake mwenyewe: anafanya kazi gani, na kodi amelipa wapi?

4.0 Ombwe la Ulinzi baada ya Uhuru

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utemi. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito: taifa jipya halikuweza kujengwa juu ya mamlaka za kikabila zilizotumiwa na mkoloni. Lakini pamoja na mtemi waliondoka pia matarishi na mabaraza, yaani chombo pekee cha ulinzi ambacho wanavijiji wengi walikuwa wamekijua. Pengo hilo lilijazwa na chama. Kuanzia katikati ya miaka ya sitini, TANU ilijenga mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi, ambao pamoja na kazi za siasa walitakiwa kuwafahamu wageni na kusuluhisha ugomvi mdogo. Baada ya Mwongozo wa mwaka 1971, mgambo walipanuliwa, na sheria ya mwaka 1975 iliwapa mamlaka ya kukamata.

Vyombo hivyo vilikuwa karibu na wananchi kuliko polisi wa kikoloni. Tatizo lake ni kwamba viliwajibika juu zaidi kuliko chini. Balozi alitoa taarifa kwa chama, na mgambo aliamriwa na serikali. Operesheni ya kuhamia vijijini, iliyofikia kilele kati ya 1973 na 1976, iliongeza ugumu. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila kaya na mifugo yake na jirani zake wa siku nyingi, walikusanywa mahali pamoja na watu wasiofahamiana. Mgambo waliosaidia kuwahamisha ndio waliotarajiwa kuwalinda.

Tukio la miaka hiyo linapaswa kukumbukwa na kila anayedai kwamba dawa ya uhalifu ni kuongeza nguvu za polisi peke yake. Katika operesheni ya kupambana na mauaji yaliyohusishwa na ushirikina katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, washukiwa kadhaa walifia mikononi mwa vyombo vya dola kutokana na mateso. Mwezi wa Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya kisiasa ya jambo ambalo hakulitenda yeye binafsi. Kujiuzulu huko kulisifiwa, na ni haki kusifiwa. Lakini kwa wananchi wa kanda hiyo, somo la matukio yenyewe lilikuwa chungu: polisi walikuwa mbali pale walipohitajika, na walipokuja waliweza kuua.

Mwishoni mwa miaka ya sabini hali ilizidi kuwa mbaya. Vita vya Kagera vya 1978–1979 viliacha silaha mikononi mwa watu wasiostahili. Uchumi ulianguka, bidhaa zikaadimika, na mishahara ya watumishi, polisi wakiwamo, haikutosha. Katika mbuga za Igunga, Nzega na Kahama, wizi wa ng'ombe uligeuka kuwa ujambazi wa kutumia silaha. Ng'ombe kwa Mnyamwezi na Msukuma ni akiba, ni mahari na ni heshima. Aliyeporwa zizi zima alirudishwa nyuma miaka mingi kwa usiku mmoja. Alipokwenda kushitaki, kituo kilikuwa mbali, ushahidi ulikuwa mgumu kupatikana, na mara nyingi mwizi alirudi nyumbani kabla ya mlalamikaji.

5.0 Sungusungu: Mlinzi Anayetoka kwa Wanaolindwa

Katika mazingira hayo ndipo sungusungu walipozuka, mnamo 1981 na 1982, katika vijiji vya Kahama na wilaya jirani. Jina lao ni la wadudu weusi jamii ya siafu, ambao mmoja si kitu lakini wakiwa kundi hakuna asiyewakimbia. Wenyewe walijiita pia Basalama, watu wa amani. Ray Abrahams, mwanaanthropolojia aliyekuwa amefanya utafiti Unyamwezi tangu kabla ya uhuru, na Sufian Bukurura, mwanasheria, ni miongoni mwa waliowachunguza kwa makini.

Muundo wao ulikuwa na mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, kiongozi wa kundi aliitwa ntemi. Karibu miaka ishirini baada ya utemi kufutwa kisheria, wanavijiji walilirudisha jina hilo, si kwa mtu wa ukoo wa kitawala, bali kwa mwenzao waliyemchagua. Chini yake walikuwapo kamanda na katibu. Yaani lugha ya utemi, ya jeshi na ya ofisi ya chama zilikaa pamoja bila kugombana. Pili, kila mwanamume mwenye nguvu katika kijiji alikuwa mlinzi. Silaha zao zilikuwa upinde na mshale, na chombo chao cha mawasiliano kilikuwa filimbi na mwano, yaani yowe la hatari. Filimbi ikilia, kijiji kizima kilitoka, na kijiji cha pili kikaipokea. Mwizi aliyekuwa akifuatwa na mwenye ng'ombe mmoja sasa alifuatwa na nchi nzima. Tatu, adhabu zao zilitegemea ujirani. Mkosaji alitozwa faini, na aliyekaidi alitengwa: hapewi moto, hachotewi maji, hazikiwi na wenzake. Katika jamii inayoishi kwa kutegemeana, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko kifungo.

Ufanisi wao haukutokana na silaha, kwani majambazi walikuwa na bunduki. Ulitokana na kujua. Methali husema kikulacho ki nguoni mwako, na wizi wa ng'ombe haukuwezekana bila mwenyeji aliyeonesha zizi, aliyeficha mifugo, au aliyenyamaza. Polisi kutoka mjini hakuweza kumjua mtu huyo, jirani alimjua. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za misafara, mlinzi alilinda makazi, alilipwa na usalama wake mwenyewe, na akikosea alikutana na aliowakosea kisimani na msibani.

Dola iligawanyika katika kuwapokea. Uongozi wa chama, Mwalimu Nyerere akiwamo, uliwaona kama wananchi waliochukua jukumu la kujilinda. Polisi na mahakama waliona kundi linalokamata, linalohukumu na kuadhibu bila mamlaka ya kisheria, na baadhi ya sungusungu walishitakiwa. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Tatizo lilikuwa kwamba Bunge, mwaka 1984, liliingiza Haki za Binadamu katika Katiba, wakati huohuo serikali ikiendelea kulitegemea kundi lisilofungwa na haki hizo. Suluhisho lilikuja kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 1989, iliyorekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata kama ule wa askari polisi wa cheo cha chini.

6.0 Sungusungu Wanaingia Mjini

Kuanzia mwaka 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, sungusungu walihimizwa kwa nguvu katika miji, Dar es Salaam ikiwa mbele. Mji mmoja baada ya mwingine uliagizwa kupanga zamu za usiku katika mitaa. Mwaka 2006, kufuatia wimbi la ujambazi wa kutumia silaha, Jeshi la Polisi chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema lilianza mpango wa maboresho uliojengwa juu ya weledi, usasa na polisi jamii. Kutokana na mpango huo lilienea jina la ulinzi shirikishi.

Nia ilikuwa njema, lakini kilichohamishwa kutoka kijijini kilikuwa umbo, si mizizi. Tofauti tatu zinajitokeza.

Ya kwanza ni kujuana. Katika mitaa ya mji kama Tabora, nyumba moja huwa na wapangaji kadhaa, na mpangaji huweza kuhama baada ya miezi michache. Mwanafunzi, mfanyakazi wa reli, mchuuzi na dereva wa bodaboda huishi ukuta kwa ukuta bila kujua majina ya baba zao. Filimbi ikilia usiku, si kila mmoja anajua kama anayekimbia ni mwizi au ni mwenye nyumba.

Ya pili ni usawa. Kijijini kila mwanamume alikesha. Mjini, mwenye uwezo hutoa pesa badala ya kukesha, na asiye na pesa hukesha kwa niaba ya wote, kisha alfajiri huenda kutafuta kibarua. Zamu zikivunjika, mtaa huajiri vijana wachache kwa michango ya kila mwezi. Hapo ulinzi unarudi kuwa kazi ya kukodiwa, na swali la zamani la rugaruga linarudi: je, uaminifu wa kijana huyu ni kwa mtaa au kwa mchango, na mchango ukikatika atakula nini?

Ya tatu ni uwajibikaji. Sungusungu wa mwanzo walichaguliwa na waliweza kuondolewa na waliowachagua. Katika mji, kikundi huundwa kwa agizo, husimamiwa na ofisi ya mtaa au kata, na huhesabiwa katika taarifa za polisi. Mkazi aliyepigwa au aliyetozwa faini isiyo na stakabadhi hajui ashitaki wapi. Polisi wanaweza kusema kwamba hao ni wa mtaa, na mtaa ukasema kwamba hao ni wa polisi.

Kwa hiyo si kweli kwamba ulinzi shirikishi unadhoofika kwa sababu wakazi wa mjini ni wavivu au hawana uzalendo. Unadhoofika kwa sababu waliitwa kushiriki kazi bila kushirikishwa mamlaka.

7.0 Mlinzi Anapojifanya Hakimu

Itakuwa kosa, hata hivyo, kuwasifu sungusungu wa kijijini bila kutazama upande wa pili. Tangu mwanzo, orodha ya maadui wao ilikuwa na watu wawili: mwizi na mchawi. Ujuzi wa jirani ulioweza kumtambua mwizi ulitumika pia "kumtambua" mchawi, na aliyetambuliwa kwa kawaida alikuwa mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kutokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Mwizi angeweza kukutwa na ng'ombe. Mchawi hakukutwa na kitu. Alihukumiwa kwa uvumi. Mwezi wa Julai 2017, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa moto kwa tuhuma za uchawi, na sungusungu walihusishwa na mauaji hayo.

Jambo hilo haliwezi kuelezwa kama bahati mbaya iliyolipata shirika zuri. Limetokana na nguvu ileile. Kundi linaloamini kwamba linajua, lililozoea kutoa adhabu bila kusikiliza utetezi, na lisilo na mtu wa nje wa kulikagua, litafika siku moja kumhukumu asiye na hatia. Katika miji, sura ya jambo hilo ni "hasira za wananchi": kijana huitiwa mwizi, hupigwa, hufungwa tairi na kuchomwa, kabla ya mtu yeyote kuuliza ameiba nini na kwa nani. Wanaofanya hivyo husema kwamba wamechoka na polisi. Uchovu huo unaeleweka. Lakini mtaa unaomchoma mshukiwa haujapata ulinzi. Umeongeza hatari moja juu ya ile iliyokuwapo, kwa sababu kila mgeni na kila kijana wa mtaa huo sasa yuko umbali wa yowe moja tu kutoka kifo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba upungufu wa ulinzi katika mitaa ya Tabora una historia ndefu kuliko Jeshi la Polisi lenyewe. Msafara ulilinda pembe, boma lililinda kodi, na stesheni ililinda mizigo. Mkoloni aliugawa ulinzi kati ya polisi wa mji na watemi wa vijiji, na ndani ya mji akamtazama mkazi maskini kama mshukiwa. Uhuru ulimwondoa mtemi kwa haki, lakini vyombo vilivyochukua nafasi yake viliwajibika kwa waliovituma. Sungusungu waliugeuza mwelekeo huo kwa kumfanya mlinzi awe jirani, kisha wakaonesha kwamba ujirani pasipo sheria unaweza kuua.

Kutokana na historia hiyo, ombi la kituo kingine na askari zaidi, ingawa ni la haki, halitoshi. Askari akiongezwa bila kubadilisha anayewajibika kwake, atalinda kile ambacho walinzi wamekilinda siku zote: barabara kuu, benki, soko na nyumba ya kiongozi. Mambo matatu yanahitajika pamoja. Walinzi wa mtaa wachaguliwe na kuondolewa na mkutano wa wakazi, na mapato na matumizi ya michango yasomwe mbele ya mkutano huo. Kazi yao iishie katika kukamata na kukabidhi. Faini, kipigo na hukumu visiwe mikononi mwao kwa kisingizio chochote. Na polisi wanaopokea mshukiwa wawe na wajibu wa kurudisha jibu mtaani: kesi imefikia wapi, na kama mshukiwa ameachiwa, ni kwa sababu gani. Pasipo jibu hilo, mwananchi aliyekamata leo kwa kufuata sheria atajifunza kwamba sheria haina faida, na kesho hatakamata, atachoma.

Watoto wa Unyamwezi waliobeba mizigo ya wengine hadi pwani walilindwa kwa sababu ya mizigo waliyoibeba. Kazi iliyobaki, na ambayo bado haijakamilika, ni kujenga ulinzi unaomlinda mtu mwenyewe, awe na mzigo au asiwe nao.